Kipimo cha Tabia Kianzie kwa Supavaiza

Alfajiri, barabara ya Namanga kutoka Kitengela kwenda Athi River huwa na msururu wa watu wanaokwenda kwa miguu kuokoa nauli. Wengi wanaelekea viwanda vya nguo vya EPZ, eneo la viwanda vinavyouza bidhaa nje ya nchi; wasio na kazi husimama langoni wakisubiri kuitwa. Anayejitambulisha kama mshonaji haulizwi udhaifu wake ni upi. Hukalishwa kwenye cherehani, akapewa vipande vya kola, na mtu mwenye saa akasimama nyuma yake. Mshono ukienda kombo, anarudi langoni.

Ni mtihani mkali, ila unapima kazi yenyewe. NITA, mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya viwandani, yenye kituo papo hapo Athi River, hufuata njia hiyo katika mitihani yake ya gredi: fundi aliyejifunzia kibandani huonyesha anachokijua, akapata cheti. Sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, iliyozinduliwa mwaka 2024, imejengwa juu ya wazo hilohilo.

Siku hizi waajiri wanataka zaidi: mtu mchangamfu, anayeelewana na wenzake, anayestahimili shinikizo. Hata Mtaala wa Umilisi wa shuleni umeweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wake saba. Dhana ya akili ya hisia, iliyoandikwa na Peter Salovey na John Mayer mwaka 1990 kisha ikavumishwa na kitabu cha Daniel Goleman cha 1995, imefika hadi kwenye matangazo ya kazi ya Kajiado. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na namna inavyopimwa.

Katika usaili wa maongezi tu, mchangamfu huwa ni yule mwenye Kiingereza cha kuteleza na macho yasiyokwepa. Binti wa Kimaasai kutoka Isinya, aliyelelewa kumwinamishia mkubwa kichwa akimsalimu, ataandikiwa kwamba hajiamini. Na huko "kustahimili shinikizo" mara nyingi ni njia ya adabu ya kusema: usilalamike.

Cha ajabu, kipimo cha tabia humkwepa mtu anayekihitaji kuliko wote. Supavaiza hupandishwa cheo kwa sababu mikono yake ilikuwa myepesi. Kesho yake anakabidhiwa laini nzima ya watu wenye targeti ya kila saa. Mama akija kuomba ruhusa kwa kuwa mtoto ameamka na homa, jibu la supavaiza ndilo litakaloamua kama mama huyo atasema kweli siku nyingine au atatoweka bila taarifa. Nani alimjaribu supavaiza huyo kwa jambo hilo?

Kule Bangalore, India, watafiti waliwafuatilia washonaji wanawake waliofunzwa mawasiliano na kupanga muda. Uzalishaji uliongezeka na kampuni ikapata faida kubwa kupita gharama ya mafunzo. Mishahara ya wanawake hao ilipanda kidogo mno. Kwa hiyo stadi hizi zina thamani, ila mwajiri asizidai bure kutoka kwa aliye chini.

Basi kipimo kianzie juu: mtu wa kupandishwa apewe laini kwa majaribio, halafu wafanyakazi waulizwe kwa siri kuhusu uongozi wake, maswali yaleyale kwa kila mgombea. Najua pingamizi: watampenda mlegevu. Basi majibu yao yalinganishwe na kazi iliyotoka kwenye laini; mlegevu hatajificha hapo. Isitoshe, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumfuta kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbovu. Supavaiza asiyejua kusikiliza anaweza kumfikisha tajiri wake mahakamani.

Wala hapahitajiki mtaalamu wa kutoka Nairobi. Rejista za kiwanda tayari zinaonyesha nani alikosa kufika kazini, nani aliacha kazi na lini. Kwa kawaida hupangwa kwa majina ya washonaji. Zipangwe mara moja tu kwa majina ya masupavaiza.