Wafundisheni manesi na madaktari kuchora (sehemu ya 1 hadi ya 5)

1/5
Akina mama, juzi niliandika kwamba wanafunzi wa udaktari na unesi wafundishwe kuchora na kutazama picha. Inbox ikajaa. "Nesi, glavu zenyewe tunaambiwa tukanunue, leo unatuletea michoro?" Nimecheka, lakini hilo ni swali la mtu mwenye akili, kwa hiyo nalijibu.

Kwa sababu vifaa ni vichache, ndiyo maana. Umeme ukikatika usiku, mashine ikiharibika, kinachobaki wodini ni macho, masikio na mikono ya aliye zamu. Kifua cha mtoto kinabonyea ndani anapovuta pumzi? Pua zinachanua? Kiganja kimepauka? Amelegea, au amelala tu? Hayo yote yanaonekana kwa macho, ila kwa macho yaliyozoezwa.

Na sisi huku Maswa hatuna haja ya kuambiwa jicho linazoezwa. Mfugaji wa Kisukuma ana jina la kila rangi na kila doa la ng'ombe. Kundi likirudi jioni anamwona yule mmoja ambaye hacheui. Hakuzaliwa hivyo. Alichunga toka mdogo, akaulizwa kila jioni.

2/5
Sasa angalia vyuo vyetu. Mwanafunzi anachora moyo mara moja, anaweka mishale, anaandika majina, anapewa alama. Hapo hajazoezwa kuona, amezoezwa kukumbuka. Akifika wodini anatafuta kile alichokariri, na asichokikariri hakioni hata kikiwa mbele yake.

Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliliona tatizo hilo hilo. Daktari wa ngozi Irwin Braverman na Linda Friedlaender wa jumba la sanaa waliwapeleka wanafunzi wa udaktari mbele ya picha za kuchorwa. Kila mmoja picha yake. Sharti: eleza unachokiona kabla ya kusema maana yake. Usiseme "huyu mwanamke ana huzuni", sema umeona nini kwenye mkono wake, kope zake, mabega yake. Mwaka 2001 matokeo yakatoka kwenye jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani: waliopitia mafunzo hayo walieleza vizuri zaidi dalili kwenye picha za wagonjwa kuliko wenzao wasioyapitia.

3/5
"Hayo ni ya Wazungu wenye pesa." Haya, twende Uganda, hapo jirani.

Kilima cha Mulago, Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1930. Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji kwenye baraza ya nyumba yake, ndipo ilipotokea shule ya sanaa ya Makerere. Mtanzania Sam Ntiro alisoma hapo. Mume wake, Hugh Trowell, alikuwa daktari wa Mulago, na kazi yake kubwa ilikuwa kwashakoo: watoto waliovimba miguu, nywele zimepauka, ngozi inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Kwa miaka madaktari walibishana, huyu anasema minyoo, yule kaswende. Sisemi picha za mke zilimtibu mtu. Nasema kutazama kwa muda mrefu ndiko kulikotoa jibu kwamba ni lishe.

Tena huyo Hugh Trowell ndiye aliyemwita Denis Burkitt mwaka 1957 amwone mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye, Burkitt akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule, amekaa nje na mama yake. Hapo ndipo ilipoanzia saratani inayoitwa kwa jina lake mpaka leo. Na Burkitt alikuwa na jicho moja tu! Jingine lilipotea utotoni.

Na jina kwashakoo lenyewe ni la Waga wa Ghana, ugonjwa wa mtoto aliyepata mdogo wake. Daktari Cicely Williams aliliingiza vitabuni miaka ya 1930. Akina mama walikuwa wameshaona.

4/5
Halafu kuna ngozi zetu. Picha nyingi kwenye vitabu vya tiba ni za watu weupe. Kijana anasoma "wekundu", "rangi ya bluu", halafu anakutana na mtoto wa Kisukuma. Mwaka 2021 mchoro wa Chidiebere Ibe wa Nigeria, mtoto mweusi tumboni kwa mama mweusi, ulizunguka dunia nzima kwa sababu watu hawakuwahi kuona kitu kama hicho. Ni aibu! Wachoraji tunao, na chaki zinatengenezwa hapa hapa Maswa.

5/5
Sasa zamu yako, mayu. Unanitumia picha saa nne usiku chini ya taa ya njano: "Nesi, ana manjano?" Chini ya taa hiyo kila kitu ni cha njano. Mchana mlete mlangoni kwenye mwanga wa jua, mvue nguo, angalia weupe wa macho, fizi, viganja, nyayo. Ukiwa na wasiwasi usingoje kuche, mlete.

Pumzi hesabu dakika nzima akiwa ametulia, halii. Zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 mpaka kabla ya mwaka, 40 kwa wa mwaka 1 mpaka 5, njoo hospitali.

Na mtoto akichora ng'ombe mwenye miguu mitano usimnyang'anye daftari eti anaharibu karatasi. Muulize ng'ombe gani huyo, mguu wa tano umeuona wapi. Mtaala wa 2023 una somo la Sanaa na Michezo, lakini wote tunajua kipindi hicho huwa kinaliwa na Hisabati. Kikao cha wazazi kikiitishwa, uliza kipindi cha kuchora kiko siku gani. Wakikwambia Ijumaa, uliza Ijumaa iliyopita aliingia mwalimu gani.