Mtu Mzima na Hadithi Zake

Mgeni rasmi kwenye mahafali ya shule moja jirani na kwangu alisimama mbele ya wazazi akatangaza kwamba mtu mwenye akili timamu hapotezi muda kusoma riwaya. Hadithi ni uongo, alisema. Someni vitabu vya mafanikio. Wazazi wakapiga makofi. Hasira haijanitoka hadi leo.

Uongo! Bibi zetu walitufundisha ubaya wa ulafi kwa ngano za fisi, na sijasikia mjukuu aliyemshtaki bibi yake kwa utapeli. Hoja hii haifai hata kujibiwa.

Ndani ya vitabu vya mafanikio yumo mtu mmoja tu: wewe. Wewe amka alfajiri, wewe weka akiba, wewe amini ndoto zako. Mwajiri hayumo. Mume hayumo. Baba mlevi hayumo. Riwaya imejaa watu wengine, na ni hao wengine wanaotutoa jasho duniani.

Nimetoka kusoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, iliyowahi kupigwa marufuku shuleni. Zakaria anamchunga bintiye kwa kipigo, hazungumzi naye, na binti akishafika mbali na macho ya baba hana kinga yoyote. Mwisho wake una misiba mingi mno kwa ladha yangu. Lakini akina Zakaria wangapi walikuwa wakipiga makofi kwenye mahafali yale?

Katika Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, Denge na siasa zake wakati mwingine walinichosha. Yasmin, aliyeozwa kwa Raza mzee angali kigoli, ndiye aliyenifanya nikeshe hadi saa nane usiku.

Na shule zisijitoe kwenye lawama. Mtoto anapewa mwongozo kabla ya riwaya yenyewe, anakariri dhamira na wahusika, anafaulu bila kufungua kitabu. Akimaliza shule, riwaya kwake ni mtihani uliokwisha. Ukiiulizia dukani, muuzaji anakuuliza ni ya kidato cha ngapi!

Kuli ya 1979, ya Shafi huyohuyo, ndiyo ningetaka yule mgeni rasmi aisome neno kwa neno. Wachukuzi wa bandari ya Unguja wanabeba mizigo mchana kutwa na bado ni mafukara, hadi wanagoma, na mgomo huo ulitokea kweli, 1948. Mwambie Rashidi, mmoja wa makuli hao, aamke mapema! Keshaamka, na keshabeba. Bidii anayo, ujira wa haki ndio hana, na hatauona kwa kujisemea maneno matamu mbele ya kioo. Anawahitaji makuli wenzake. Kitabu cha mafanikio kitamwambia nini mtu huyu?

Sasa niko kwenye Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Maimuna keshatoroka nyumba ya baba yake, Maksuudi, nami nimebakiza nusu.