Tumaini kwa Mtoto, Shaka kwa Mpango

Kila tunapokwenda kuwatazama wanachuo wakiwa katika mazoezi ya kufundisha, husikia swali moja ambalo limekuwa kama wimbo wa kufungia kipindi. Mwalimu amelifundisha Darasa la Tatu kutoa kwa kukopa. Ameandika ubaoni 42 toa 17, akaeleza kwamba katika 2 hatuwezi kutoa 7, kwa hiyo twakopa kumi moja kutoka kwenye makumi tukapata 12. Amefuta ubao, ameandika mfano wa pili, na sasa zimesalia dakika tano kabla ya kengele. Hugeuka akawauliza watoto, "Mmeelewa?" Darasa zima huitika kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Naye huandika katika sehemu ya tathmini ya andalio lake la somo kwamba wanafunzi wengi wameelewa, akatoka na moyo mweupe. Madaftari yakusanywapo, twakuta jibu la 35 kwa mtoto huyu na kwa yule na kwa mwingine tena. Kwenye mamoja wametoa 2 katika 7, kwa kuwa 7 ndiyo kubwa. Kwenye makumi wametoa 1 katika 4. Hawakukopa cho chote.

Mwalimu huyu si mwongo wala si mvivu. Andalio lake lilikuwa safi, zana zake alizitayarisha usiku, na darasa lake analipenda. Kosa lake ni kosa la binadamu: aliliuliza darasa swali ambalo jibu lake alikwisha kulipata moyoni mwake. Katika makala haya twapenda kuuzungumzia mwelekeo huo wa kutazamia mema kupita kiasi. Katika kazi ya ualimu una faida zake na una hatari zake, na mwalimu asiyejua kuzitenganisha huweza kuwaumiza watoto bila ya kukusudia.

Mwelekeo huo umechunguzwa. Mwaka 1980 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Neil Weinstein, alichapisha uchunguzi aliowafanyia wanafunzi wa chuo zaidi ya 250. Aliwapa orodha ya mambo 42 yawezayo kumpata mtu maishani, ya heri na ya shari, akawataka waseme kama nafasi yao ya kupatwa na kila jambo ni kubwa au ni ndogo kuliko ya wanafunzi wenzao. Kwa wastani walijiona kuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata ya heri, na nafasi ndogo zaidi ya kupatwa na ya shari. Hesabu hiyo haiwezi kusimama, maana haiwezekani kundi zima liwe na bahati kulishinda kundi lenyewe. Wahenga wetu waliliona jambo hili mapema, wakatuachia neno fupi: mipango si matumizi.

Wapo watakaosema kwamba, ikiwa ndivyo, basi mwalimu na aache kutumaini. Sisi hatukubaliani nao. Mkulima asiyetazamia mvua hashiki jembe. Mwalimu aingiaye Darasa la Kwanza lililojaa watoto waliobanana, wengine hawajapata kushika kalamu, vitabu vikiwa vya kugawana, kama angeanza kwa kuhesabu vizuizi vyote asingefika hata kwenye irabu ya kwanza. Matumaini ndiyo yampayo nguvu ya kulirudia somo mara ya nne kwa uso ule ule aliokuwa nao mara ya kwanza.

Tena matumaini ya mwalimu hayaishii kwake. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha habari za jaribio lililofanyika katika shule moja ya msingi ya California, Marekani. Walimu waliambiwa kwamba baadhi ya watoto wao, kama mmoja katika kila watano, wameonyesha katika mtihani dalili za kuchanua akili mwaka ule. Kwa kweli majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu tu. Mwisho wa mwaka watoto hao, hasa wa madarasa mawili ya chini, walikuwa wameongeza alama za mtihani wa akili kuwazidi wenzao. Haifai tulitie chumvi jambo hili. Wataalamu wengine walivikosoa vipimo vya jaribio hilo, na uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba kwa kawaida athari ya matumaini ya mwalimu ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Hata hivyo ipo, na kila mwalimu mzoefu anaijua njia inakopitia. Mtoto anayetumainiwa huulizwa maswali zaidi, husubiriwa afikiri, na akikosea husahihishwa. Asiyetumainiwa huambiwa, "Kaa chini, nani amsaidie?"

Hiyo ndiyo faida. Sasa tutazame hatari, na mfano tutakaouchukua unatoka katika kazi inayofanana na yetu.

Katika miaka ya 1970 Daniel Kahneman, ambaye mwaka 2002 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi, alikuwa nchini Israeli katika kikundi kilichoandika mtaala na kitabu cha kuwafundisha wanafunzi wa sekondari namna ya kupima mambo na kukata shauri. Walikuwamo walimu wenye uzoefu, na alikuwamo Seymour Fox, bingwa wa kutunga mitaala. Walikuwa wamekutana kila Ijumaa kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Siku moja kila mmoja aliandika kwenye karatasi yake muda aliodhani utatosha kuikamilisha kazi, na makadirio yote yakawa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili na nusu. Ndipo Kahneman akamwuliza Fox: vikundi vingine unavyovijua, vilivyoanza kazi kama hii yetu, vilichukua muda gani? Fox alinyamaza kitambo, kisha akakiri kwamba karibu 40 katika kila 100 havikumaliza kabisa, na vilivyomaliza vilichukua miaka 7 hadi 10.

Wanachuo na wazingatie jambo moja hapa. Bingwa yule alikuwa na habari hiyo kichwani, na bado dakika chache tu kabla ya kuulizwa alikuwa ameandika makadirio kama ya wenzake. Aliyoyajua juu ya vikundi vingine hayakuyagusa matumaini aliyokuwa nayo juu ya kikundi chake mwenyewe. Kikundi nacho kikaendelea na kazi kana kwamba hakikusikia. Kahneman asimulia katika kitabu chake cha mwaka 2011 kwamba kazi ilikamilika baada ya miaka minane, wakati ambapo shauku ya Wizara ya Elimu ya huko ilikuwa imekwisha kupoa. Kitabu hakikutumiwa kamwe.

Na asidhani msomaji kwamba jambo hili huwapata wakubwa tu. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross wa Kanada walichapisha habari za wanafunzi 37 wa chuo kikuu waliokuwa wakiandika tasnifu zao za mwisho. Kwa wastani walikadiria kumaliza katika siku 34. Walitumia zaidi ya siku 55. Hata walipotakiwa kukadiria wakidhani kwamba kila kitu kitakwenda mrama, walitaja siku zisizofikia 50. Mabaya waliyoyawazia yalikuwa mepesi kuliko hali ya kawaida waliyoikuta.

Hapa Tanzania tunao mfano mkubwa zaidi, ambamo faida na hatari zimefungwa katika kamba moja. Mwezi wa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, iliazimia kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe mwaka 1977 badala ya mwaka 1989 uliokuwa umepangwa. Kama waliokutana siku ile wangesikiliza hesabu kavu peke yake, watoto wa miaka ile wangengojea hadi wapate watoto wao. Shule zilijengwa kwa nguvu za wanavijiji, na vijana waliomaliza Darasa la Saba wakapewa chaki wafundishe, huku wenyewe wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowatembelea. Mamilioni ya watoto waliingia shuleni. Lakini majengo, vitabu na mafunzo ya walimu havikuweza kwenda kwa mwendo wa azimio. Madarasa yalifurika, kitabu kimoja kikasomwa na wengi, na walimu wale vijana wakabebeshwa lawama za upungufu ambao hawakuuleta wao. Na mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza baada ya ada kufutwa, watoto walimiminika tena, na madarasa na walimu wakawa haba tena.

Twajifunza nini? Twaona kwamba katika mambo hayo yote kuna matumaini ya aina mbili, nayo yamevaa nguo moja. Yapo matumaini juu ya mtoto: kwamba anaweza kujifunza, awe wa mkulima au wa waziri. Yapo matumaini juu ya mpango wetu: kwamba utatimia kwa wakati tulioutaja na kwa njia tuliyoichora. Waliokutana Musoma hawakukosea juu ya mtoto; kilichotumainiwa kupita kiasi ni kalenda. Mwalimu wetu wa Darasa la Tatu naye hakukosea kuamini kwamba watoto wake wanaweza kutoa kwa kukopa. Alikosea kuamini kwamba dakika 35 na mifano miwili vilikwisha kuwatosha.

Ubaya ni kwamba mara nyingi sisi walimu hugeuza mambo. Andalio letu twaliamini bila ya swali. Mtoto ndiye tunayemtilia shaka. Somo lisipofaulu, hatusemi, "Mpango wangu ulikuwa na kasoro." Twasema, "Darasa hili ni zito." Na mtoto aliyeandika 35, ambaye alihitaji mafungu ya vijiti kumi kumi na robo saa nyingine, huondoka akiwa amekwisha kubandikwa jina. Jina hilo hudumu kuliko somo lenyewe.

Tutaulizwa: je, mwalimu asiwe mkweli juu ya mtoto? Je, mtoto asiyesikia vizuri, au asiyeona ubao, atumainiwe tu? La. Ni wajibu wa mwalimu kujua hasa mtoto yupo wapi leo, amsogeze karibu na ubao, azungumze na wazazi wake. Lakini kujua alipo leo si sawa na kuhukumu atakapofika kesho. Lile la kwanza ni kipimo, nacho chataka macho makavu. Hili la pili ni utabiri, na historia ya utabiri wa walimu juu ya watoto haituruhusu kujivuna.

Kwa kuwa makala yasiyo na kazi ya kufanya hayamfai mwalimu, twapendekeza mambo manne.

Kwanza, swali la "Mmeelewa?" na liachwe. Mahali pake mwalimu atoe hesabu moja, kila mtoto aifanye peke yake kwa dakika tatu, naye apite katikati ya madawati akianzia nyuma, si mbele. Madaftari matano ya nyuma yatamweleza mengi kuliko "ndiyo" ya darasa zima.

Pili, kila mwanachuo awe na daftari dogo la muda. Upande mmoja aandike dakika alizopanga kwa kila hatua ya somo; upande wa pili, dakika zilizotumika kweli. Akipanga somo jipya, asijiulize, "Litanichukua muda gani?" Ajiulize, "Masomo kama hili yalinichukua muda gani?" Hilo ndilo swali lililomfanya Seymour Fox anyamaze.

Tatu, kabla ya kwenda darasani afumbe macho, ajidhanie kwamba kipindi kimekwisha na somo limeharibika. Aandike sababu tatu zilizoliharibu. Zana hazikutosha? Mfano wa kwanza ulikuwa mgumu? Neno fulani watoto hawalijui? Sababu hizo azitibu kabla ya kengele kulia.

Nne, katika tathmini yake asiandike "wengi wameelewa". Aandike idadi: wangapi wamepata, wangapi wamekosa, na kosa lenyewe ni lipi. Anayeandika idadi hulazimika kuhesabu, na anayehesabu ni vigumu kujidanganya.

Nasi wakufunzi hatujitoi katika maneno haya. Kila mwanzo wa muhula twaandika azimio la kazi lenye wiki zilizojaa tele, bila ya kuacha nafasi kwa mvua, ugonjwa wala mikutano, na kila mwisho wa muhula twakimbiza mada za mwisho kama watu wanaofukuzwa. Mwaka unaofuata twaandika lile lile. Kama sisi wa miaka mingi twaanguka hivyo, kijana wa mwaka wa kwanza na asione haya kukiri kwamba naye huanguka.

Siku moja kila mmoja wenu atasimama peke yake mbele ya darasa, pasipo mkufunzi nyuma wa kuandika makosa. Kwenye dawati la mwisho atakuwapo mtoto aliyeandika 35. Msitilie shaka kwamba mtoto huyo atafika. Tilieni shaka njia mliyompitisha, mwonyesheni nyingine, kisha mkalitazame tena daftari lake.