Kavumu: Yai moja juu ya mchele ni chakula cha watoto, si cha soko peke yake

Leo tuongee kuhusu yai.

Tangu Februari 2025, vita vilipofika hapa kwetu na uwanja wa ndege wa Kavumu kufungwa, wengi walipoteza kazi. Banki nazo zilifunga milango na franka ikawa ngumu kuipata. Nyumba iliyokuwa na watu sita leo inalaza kumi au kumi na wawili. Kinachojaza matumbo ni bugali na sombe, na siku nzuri ni mchele na maharagi.

Lakini kuku wangali wanataga. Mayai yanatoka kwenye vijiji vyetu, yanapelekwa sokoni, na mama anarudi na chumvi, sabuni na makala. Simlaumu mama, chumvi na sabuni zinahitajika. Ninachosema ni kwamba mayai yote yasiende sokoni wakati mtoto wa nyumba hiyo nywele zinageuka rangi na miguu inavimba. Hospitali ya Lwiro, hapa karibu, imetibu watoto wenye kwashakoo kwa miaka mingi sana, tangu kabla ya vita hivi. Ni ugonjwa tunaoujua. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini, nayo ndiyo bugali ya muhogo inakosa.

Kuna mtu atauliza: yai moja watu kumi watalikulaje? Hapo ndipo Wajapani wanaweza kutufundisha kitu. Wao wana chakula kinachoitwa omuraisu, yaani omeleti juu ya mchele. Kilianza zaidi ya miaka 100 iliyopita, na migahawa miwili, Rengatei ya Tokyo na Hokkyokusei ya Osaka, inagombania heshima ya kukianzisha. Wa Osaka wanasimulia kwamba mwaka 1925 mteja mmoja mwenye tumbo dhaifu alikuwa kila siku anaagiza omeleti na mchele mweupe, mpishi akamfunikia mchele kwa yai. Leo mama wa Japani anakipika nyumbani kwa ajili ya watoto.

Kwetu kinawezekana kwenye mbabula. Kwa watoto wanne au watano, twaa vikombe vitatu vya mchele uliopikwa siku hiyohiyo. Ule wa bonde la Ruzizi unafaa kabisa. Utandaze kwenye sahani upoe, usishikamane. Kaanga kitunguu kimoja kwa mafuta kidogo, tia nyanya mbili zilizokatwa, ziive mpaka maji yakauke. Kama kuna sambaza kavu, ziponde utie. Ongeza mchele na chumvi, geuza mpaka upate moto wote.

Sasa mayai mawili. Yapige pamoja na kijiko kidogo cha unga wa ngano uliokorogwa katika vijiko viwili vya maji. Unga unafanya yai litanuke bila kupasuka. Mimina nusu kwenye kikaango, lizungushe liwe jembamba, kisha nusu ya pili. Funika mchele, gawanya kwa kijiko. Kila mtoto anapata yai.

Mambo mawili ya kuangalia. Wajapani wengine wanaacha yai likiwa laini ndani. Sisi tuliivishe kabisa, hasa kwa watoto na mama wajawazito. Na mchele uliolala usiutumie. Bila frigo, unaingiwa na sumu ambayo hata moto hauiondoi.

Najua watakaosema kwamba ni dharau kuongelea upishi wa Japani kwa watu wenye njaa. Mimi naona dharau ni kudhani kwamba aliyekimbia vita anastahili kushiba tu, bila ladha wala rangi katika sahani. Wengine watarudia maneno ya zamani, kwamba mtoto akila mayai atachelewa kusema, au kwamba yai ni la baba. Hayo tuyaache. Yai halichelewishi ulimi wa mtoto. Njaa ndiyo inayomchelewesha.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wazazi wenye kuku, kwa kila mayai matano, mawili yabaki nyumbani. Familia zilizopokea wageni, mtoto wa mgeni apate kipande sawa na cha mtoto wa nyumba. Na mashirika yanayogawa unga na mafuta, wafikirie pia kuwapa akina mama kuku wawili watatu wa kutaga. Gunia la unga linaisha mwezi huohuo, lakini kuku akitunzwa anaendelea kutaga.