SIMENTI HAINA KOSA, UVIVU NDIO WENYE KOSA

Ndugu Wanakijiji,

Sakafu ya ghala letu imepasuka kabla ya kutimiza mwaka, na maneno yamekuwa mengi. Kilabuni wanasema eti simenti ilikuwa mbovu. Wengine wanadai tangi la maji tunalotaka kujenga litumie simenti ya bei kubwa tupu, mpaka kwenye plasta. Wengine wanasema simenti ni simenti tu, tununue ya rahisi. Sisi tunasema wote wamekosea.

Hebu tusome mfuko. Ukikuta 32.5 au 42.5, hiyo siyo bei wala uzito. Ni nguvu ya kubeba mzigo, yaani newtoni kwa kila milimita ya mraba, ambayo simenti ikipimwa lazima iifikie baada ya siku 28. Basi 32.5 inatosha kujengea tofali na kupiga plasta. 42.5 ni ya zege la nguzo, mikanda na tangi. Herufi R maana yake inapata nguvu mapema; N ni mwendo wa kawaida. Iko pia iliyochanganywa majivu ya volkano, pozolana. Hiyo hukaza polepole, lakini zege lake likitunzwa halipitishi maji ovyo, na huvumilia ardhi ya chumvichumvi. Mwenye haraka huiita mbovu!

Lakini namba kubwa haimwokoi mvivu. Mifuko ya ghala ililala juu ya udongo masika nzima, ikashika mabonge, nasi tukayaponda tukayatumia. Zege likatiwa maji likawa uji, ili koleo liwe jepesi. Zamu ya kumwagilia sakafu ilipangwa. Siku ya pili hakutokea mtu. Hata sisi viongozi tulinyamaza. Je, hapo kosa ni la kiwanda?

Kwa hiyo, safari hii mifuko ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na itumike kabla ya miezi 3. Maji yapimwe kwa ndoo, siyo kwa macho. Zege limwagiliwe asubuhi na jioni siku zisizopungua 7. La pozolana 14. Atakayekimbia zamu jina lake litasomwa mkutanoni, na viongozi wasomwe kwanza.

Fedha ya tangi ni jasho la wanachama wote. Tusiimwage mara ya pili.

Umoja ni nguvu!

Katibu