Wazazi, msingoje darasa la 12

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wazazi wenzangu tunaozungumza Kiswahili huku Marekani. Wengi wetu huanza kuulizia habari za chuo mtoto akiwa darasa la 12, na hapo tumeshachelewa. Alama zake tangu darasa la 9 zimo katika rekodi itakayosomwa na vyuo. Hisabati akiifeli darasa la 10, huenda likizo yote ya kiangazi ikaishia kuirudia.

Kinachoniuma zaidi ni fedha. FAFSA, fomu ya kuombea misaada ya serikali kuu, hutazama mapato ya miaka miwili nyuma. Mtoto atakayeingia chuo Agosti 2028 ataulizwa mapato ya wazazi ya 2026, mwaka unaoanza angali darasa la 10! Tunzeni karatasi za mshahara na za kodi.

Nendeni mkaonane na mshauri wa wanafunzi, awaonyeshe masomo yaliyobaki kabla ya mahafali. Kiingereza kisiwazuie. Kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, shule inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kuwapa mkalimani bure. Ombeni mkalimani huyo, wala msimtume mtoto atafsiri kesi yake mwenyewe.

Mzazi,
Louisville, Kentucky