Kabla hujautafuta mtandaoni, muulize nduguyo

Waliosikiliza kipindi chetu cha mwisho walinisikia nikieleza mchezo wa kompyuta nilioucheza utotoni, Muscat, ambao jina lake silikumbuki. Nilisema kulikuwa na kuku anakimbia kwenye njia nyeupe, petroli inamwishia, na nyuma unapiga muziki kama wa harusi. Mwenzangu akacheka mpaka tukasimamisha kurekodi. Akasema nimeota.

Basi nimeupata. Sikuota, ila nilikosea karibu kila kitu. Na namna nilivyoupata imenifanya niamini jambo ambalo najua wengine mtanibishia: sisi tunaohangaika kutafuta michezo ya zamani tunatafuta jina la kwenye boksi, na hilo ndilo lenye thamani ndogo. Jina la kutafuta ni lile tuliloliita nyumbani.

Kwanza niieleze mashine, maana wenzetu mliokulia London au Minneapolis huenda hamuijui. Iliitwa Sakhr, yaani mwamba kwa Kiarabu. Aliyeileta ni kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait, ya marehemu Mohammed Al-Sharekh, aliyefariki mwaka 2024. Ndani yake ilikuwa MSX, aina ya kompyuta iliyotangazwa Japani mwaka 1983. Makampuni mengi yaliitengeneza kwa vipimo vilevile, kwa hiyo mchezo uliotengenezwa Japani uliweza kuchezwa sebuleni kwetu Ruwi bila tabu. Sakhr ikaongeza kitu kimoja kikubwa: iliandika Kiarabu. Miaka ya 80 Ghuba nzima iliijua.

Baba hakuinunua ili tucheze. Wazee wetu walirudi Oman kutoka Unguja miaka ya 70, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Nyumbani ni Kiswahili tu, asubuhi mpaka usiku. Shuleni ni Kiarabu, na sie tukifungua mdomo darasa zima linageuka. Mzee akaona dawa ni hiyo mashine. Watoto wataandika Kiarabu, watazoea, hawatachekwa tena. Alitoa pesa ambayo mama alisema ingenunua friji.

Tukaandika Kiarabu siku tatu. Siku ya nne kaka yangu akarudi na kaseti ya mchezo, kaazima kwa jirani. Kiarabu kikaishia hapo.

Sasa nirudi kwenye kutafuta. Nilikesha siku tatu. Nilitafuta kwa Kiingereza, nikatafuta kwa Kiarabu. Kuku, bata, petroli, theluji, harusi. Niliiuliza na akili mnemba, ikanipa majina matano kwa uhakika kabisa, na hakuna hata moja lililokuwa lenyewe. Nikatazama video za michezo ya zamani mpaka mke wangu akaniuliza kama kazini wamenifukuza.

Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyekaa na mimi mbele ya ile tivii, na sikutaka kumuuliza. Mimi na kaka yangu, tangu mama afariki na mambo ya kuuza nyumba ya wazee yaingie, tulikuwa watu wa kutumiana salamu za Idi. Miaka minne. Yeye Seeb, mimi huku Uingereza. Si ugomvi wa kurushiana maneno. Ni ule wa kunyamaza, na kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

Usiku wa tatu nikamwandikia: "Kaka, shikamoo. Unaukumbuka ule mchezo wa kuku anayeishiwa petroli?" Nikauweka kama mzaha, ili asipojibu nisiumie.

Asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti wa dakika sita.

"Marahaba. Kuku gani we, anatia petroli? Umechanganya michezo miwili. Petroli ilikuwa ya magari, ule wa mashindano. Yule hakuwa kuku, alikuwa pengwini. Mama ndiye aliyekuwa akimwita kuku. Kuku wa Barafu. Akipita na sinia anauliza, kuku wenu kafika?"

Nilisahau kabisa. Miaka yote nilimkumbuka kuku kwa sababu mama alisema kuku. Macho yangu yaliona pengwini, na sauti yake ikashinda.

Halafu kaka akaimba ule muziki, kwa pua, vibaya sana. Nikaipa simu isikilize, maana siku hizi unaweza kuipigia Google mluzi ikakutafutia wimbo. Ikaleta waltz ya Émile Waldteufel, Mfaransa, ya mwaka 1882, aliyoitunga kuhusu watu wanaoteleza kwenye barafu. Kutoka hapo haikuchukua dakika mbili. Mchezo ni Antarctic Adventure wa Konami. Ule wa petroli ni Road Fighter, wa Konami pia. Kichwa changu kilikuwa kimezishona kaseti mbili kuwa moja.

Nikauweka kwenye programu inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye MSX, nikaucheza. Ulikuwa vilevile. Pengwini unamwona mgongo, anakimbia kulizunguka bara la barafu. Kuna mashimo, kuna samaki wanaruka, kuna wanyama wanachomoza vichwa kukuangusha. Ukianguka hufi, unapoteza muda tu. Ukifika kwenye kituo kabla muda haujaisha, bendera inapandishwa: Ufaransa, Australia, Marekani, Uingereza, Japani.

Na hapo nikakumbuka jambo la pili. Kaka aliniambia zamani kwamba ukizivuka bendera zote bila kushindwa, inayofuata ni ya Oman, na baada ya Oman ni Unguja. Nilikuwa na miaka sita, nikamwamini. Nilicheza likizo nzima nifike Unguja, ili nimwite mama aje aone. Mchezo wenyewe hauna mwisho wa namna hiyo. Ukimaliza unaanza upya, na unakuwa mgumu zaidi.

Nimesoma maelezo mengi ya Antarctic Adventure wiki hii. Wameandika mwaka, kampuni, tofauti za toleo la Japani na la nje. Kazi nzuri, na nawashukuru, kwa sababu bila hao watu wa kujitolea nisingecheza kitu. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotoka Marekani kabla ya 2010 haitolewi tena kibiashara. Hiyo ni Marekani, yenye maktaba na wanasheria. Fikiria kaseti za kuazimana Ruwi.

Lakini hakuna aliyeandika, wala atakayeandika, kwamba kwenye mchezo huo kulikuwa na kituo cha Unguja. Hakuna mahali paliposemwa aliitwa Kuku wa Barafu. Vitu hivyo vilikuwa kwenye vichwa vitatu. Kimoja kimekwenda, Mungu amrehemu. Cha pili kilikuwa Seeb, hakizungumzi na cha tatu.

Ndiyo maana nasema tunatafuta jina lisilo lenyewe. Jina la boksi lipo, leo hulipati, kesho utalipata. Na kwa sisi tuliolelewa nje, jina la nyumbani si kichekesho tu cha familia. Fikirini: mashine ilinunuliwa itufundishe Kiarabu, mchezo umetoka Japani, maandishi ya Kiingereza, wimbo wa Mfaransa. Na sie watoto tukaukalia wote kwa Kiswahili. Ruka! Shimo hilo! Mpishe huyo! Kaa chonjo! Hatukuwa na vitabu vya watoto vya Kiswahili Muscat, wala katuni. Tulikuwa na sebule. Tukitaka kujua Kiswahili cha kizazi chetu kiliishi wapi, sehemu moja ni pale chini ya tivii, na hakuna aliyekirekodi.

Najua mtasema nini. Kuna atakayesema huu ni upuuzi wa watu wazima wanaolilia utoto, na lugha inahifadhiwa na mashairi na kamusi, si na pengwini. Sikatai kamusi. Lakini mwanangu ana miaka kumi na moja, anacheza chumbani na vitu masikioni, anazungumza Kiingereza na watoto asiowaona. Hakuna kitu hata kimoja kwenye michezo yake chenye jina la Kiswahili, kwa sababu hakuna mtu mzima anayepita na sinia akaliita kitu jina baya. Kosa hilo si lake. Mimi ndiye nisiyepita.

Mwingine atasema, kwa nini nisubiri ndugu wakati mashine inajua? Kwangu haikujua, na isingeweza kujua. Nilikuwa nimeipa kumbukumbu mbili zilizoshonwa pamoja, na aliyeweza kuzifumua ni yule tu aliyekuwa akinipokonya kibodi. Hata kama wewe si mtu wa hisia, muulize ndugu kwa faida tu: utaokoa siku tatu.

Kwa hiyo mkitafuta wenu, fanyeni hivi. Kabla ya kuandika neno lolote mtandaoni, mpigieni mtu mliyecheza naye. Msimuulize jina. Muulizeni tuliuitaje, nani alikuwa akishinda, nani alikuwa akitukataza. Mwambieni aimbe. Na msiufute huo ujumbe wa sauti.

Mimi na kaka bado hatujazungumzia nyumba, na sitawadanganya kwamba pengwini kaimaliza kesi. Ila tangu siku ile anatuma ujumbe kila Ijumaa baada ya sala. Wiki iliyopita nilimuuliza mbona alinidanganya kuhusu Unguja. Akacheka, kisha akanyamaza kidogo. "Sikukudanganya," akasema. "Na mimi nilikuwa nikidhani ipo. Baba ndiye aliyeniambia."

Jana nimemwita mwanangu acheze steji ya kwanza. Akaanguka kwenye shimo. Nikamwambia kwa Kiswahili, huyo ni Kuku wa Barafu. Akaniambia si kuku huyo, baba. Nikamwambia najua.